Ami hapigi udi tena, ila kigasha chake chalia

Ami yangu alipiga udi kwenye harusi za Mji wa Kale miaka mingi, hadi vidole vikakaza. Kigasha kingali na nguvu, nami nimekigeuza ala. Nawe waweza.

Tafuta kihisi cha msuli, kidude kinachosoma umeme mdogo wa msuli (changu ni MyoWare), Arduino Uno, kibao kidogo cha kielektroniki kinachogeuza ishara kuwa namba, vibandiko vitatu vya elektrodi na laptopu. Laptopu itumie betri tu. Mtu aliyebandikwa waya mwilini asiunganishwe kamwe na kitu kilichochomekwa ukutani. Tena umeme wa nyumbani, wa 50 Hz, hunguruma juu ya ishara ya msuli, ambayo ni milivolti chache tu.

Kazi yenyewe ni ngozi. Kaskazi ikipamba moto hapa Mombasa, jasho hung'oa kibandiko kabla wimbo haujaisha. Nyoa vinyweleo, pangusa kwa spiriti, ngoja pakauke kabisa. Mwambie akunje ngumi, upapase palipovimba. Vibandiko viwili vifuate urefu wa msuli, visiukate; cha tatu kiweke kwenye mfupa wa kiwiko.

Waya wa ishara wa kihisi uchomeke tundu la A0 la Arduino. Kwenye laptopu utaona namba kati ya 0 na 1023. Ami akitulia nilipata 60 hivi, akikaza 700. Pima upya kila ukibandika. Pure Data, programu ya bure ya kutengeneza sauti, itasoma namba hizo na kuzigeuza ziwe 0 hadi 127 za MIDI, lugha ya ala za kielektroniki.

Mwanzo niliweka mpaka: ikipita 400, sauti ilie. Ami akavua waya. "Mwanangu, hii ni kengele ya mlango." Alisema kweli. Msuli hupanda na kushuka, na muziki umo humo katikati. Basi nikaufanya mkazo uwe ukubwa wa sauti, nikichukua wastani wa namba kumi za mwisho ili isitetemeke. Ukizidisha wastani, sauti huchelewa nyuma ya ngoma, na mpigaji hulihisi hilo upesi kuliko wewe.

Mpumzishe kila baada ya nyimbo mbili, msuli huchoka.

Jioni ile ami alilaza mkono gotini, akafumba macho. Mkono haukusogea hata kidogo, na sauti ikapanda, ikakaa, ikashuka polepole kama alivyokuwa akiishusha zamani. Kisha akanyoosha mkono wa kushoto. "Na huu je?"

Kihisi cha pili huingia A1.