Land Rover Series III iliyolala shambani: kuikagua, kuileta Malindi na kuiamsha

Land Rover ya Series III, iliyotengenezwa kuanzia 1971 hadi 1985, ina bodi ya aluminiamu juu ya chesisi ya chuma. Hapo ndipo wanunuzi wengi wa pwani wanapodanganyika. Aluminiamu haioti kutu nyekundu, kwa hiyo gari lililolala miaka 15 chini ya mwembe kule Marafa au Gongoni huonekana zima, na huku chesisi imeliwa kutoka ndani. Ukianza na injini, utaishia na injini inayonguruma vizuri juu ya chuma kilichooza. Kwa hiyo chesisi ni ya kwanza, injini ni ya mwisho.

Hatua ya 1: Namba

Futa tope kwenye kishikio cha springi ya mbele, upande wa kulia, kwa brashi ya waya. Namba ya chesisi imegongwa hapo. Ilinganishe na logbuku tarakimu kwa tarakimu kabla ya kutoa shilingi. Uhamisho wa umiliki huanzishwa na mwenye jina kwenye logbuku kupitia mtandao wa NTSA, mamlaka ya usafiri ya Kenya. Kama alishafariki, familia imalize kwanza mambo ya mirathi mahakamani, kwa Kadhi ikiwa ni Waislamu. Ahadi ya "tutamaliza baadaye" usiikubali.

Hatua ya 2: Nyundo

Chukua nyundo ndogo na bisibisi kuukuu, lala chini ya gari, ugonge chesisi kila baada ya sentimita 10. Chuma kizima hulia "ting" na nyundo inaruka. Chuma kilichooza kinajibu "tup", na ndani utasikia maganda yakimwagika kama mchele kwenye debe. Sehemu zinazotangulia kuoza ni boriti ya nyuma inayobeba ndoano, mikono inayotokeza ubavuni nyuma ya magurudumu ya mbele, sehemu iliyo juu ya tangi, na vishikio vya springi. Usisahau ukuta ulio kati ya injini na dereva. Huo ni wa chuma, na majani ya mwembe yanayojaa kwenye matundu ya hewa chini ya kioo hushika unyevu na kuutoboa pale miguu inapokaa.

Boriti ya nyuma na mikono hubadilishwa, fundi mzuri wa kuchomelea ataiweza. Lakini bisibisi ikizama kwenye vishikio vya springi pande zote mbili, nunua gari kwa bei ya vipuri au uliache.

Hatua ya 3: Magurudumu yazunguke

Nati nyingi za gari hili ni za vipimo vya inchi. Spana ya milimita itakula kona zake, na nati iliyolika kona chini ya gari ni nusu siku ya kazi. Nati za magurudumu hufunguka kwa soketi ya 27. Siku moja kabla, zipake mchanganyiko wa mafuta ya giaboksi ya otomatiki na asetoni, nusu kwa nusu. Unapenya kutu kuliko dawa nyingi za kopo. Asetoni hushika moto upesi, kwa hiyo sigara ikae mbali.

Gurudumu likigoma, legeza kwanza kirekebisha breki nyuma ya drami, toa skrubu 3 zinazoshika drami, kisha igonge kuizunguka kwa nyundo ya mbao. Usilivute gari kwa trekta ili "liachie", kwa sababu bitana za breki hung'oka na kujikwamisha ndani. Ikiwa magurudumu mawili ya nyuma yamegoma pamoja, mara nyingi kosa ni la hendibreki. Kwenye Land Rover hii hendibreki haikai kwenye magurudumu, ina drami yake nyuma ya giaboksi ndogo (ile inayogawa nguvu kwa ekseli mbili), kwenye propela ya nyuma, mhimili unaopeleka nguvu kwenye ekseli. Fungua bolti 4 za propela kwa spana ya 9/16 na gari litasukumika.

Hatua ya 4: Kulipakia

Lete lori la kubebea magari lenye winchi. Kulivuta kwa kamba gari lisilo na breki ni kutafuta ajali. Weka gia zote mbili kwenye nyutro, kubwa na ndogo (wenzo mwekundu katikati), kisha tandika mbao za inchi 2 mbele ya magurudumu kama ardhi ni mchanga. Waya wa winchi ufungwe kwenye chesisi pale ulipohakikisha kwa nyundo. Ukiufunga kwenye bampa, bampa huja peke yake.

Gari la chesisi ndefu, la inchi 109 kati ya ekseli na ekseli, linakaribia tani moja na nusu. Tumia mikanda 4 ya kukaza, kila mmoja wenye uwezo wa kilo 2,500, na uifunge kwenye ekseli. Ukiifunga kwenye chesisi, springi zitacheza njiani na mikanda italegea. Funga boneti kwa kamba, toa nusu za juu za milango, na tairi la akiba lisiachwe juu ya boneti. Simama Mambrui ukaze tena kabla ya kuendelea kuelekea daraja la Sabaki.

Hatua ya 5: Kuosha, na maji yapi

Visima vingi karibu na ufuo Malindi vina maji ya chumvi. Ukiosha chesisi kwa maji hayo umeongeza kilekile unachokitoa. Tumia maji ya bomba au ya mvua, hata kwenye rejeta. Ingiza mpira wa maji kwenye matundu ya chesisi, osha mpaka maji yatoke safi, kisha acha gari juani siku 2. Baada ya kuchomelea viraka (bamba la milimita 2, na 3 karibu na vishikio, betri na alteneta vikiwa vimefunguliwa waya), mimina ndani oili iliyochanganywa na grisi. Kopo lipate joto la jua, lisipelekwe motoni.

Hatua ya 6: Mafuta

Fungua nati ya kujazia kabla ya kufungua ya kumwagia. Ukimwaga kwanza kisha ya kujazia ikagoma, gari halina mafuta na huna njia ya kuyarudisha. Maji yakitangulia kutoka, mwaga, jaza, endesha kidogo, mwaga tena.

Injini huchukua lita 6, na filta karibu lita 0.85 zaidi. Giaboksi kubwa lita 1.5, ndogo 2.5, kila difu (bakuli la gia katikati ya ekseli) 1.75, ila ya nyuma ya aina ya Salisbury kwenye gari la inchi 109 ni 2.5, na kila tufe la usukani la mbele (kwenye ncha za ekseli) nusu lita, zote mafuta ya gia ya EP90. Kwa giaboksi chagua GL-4, kwa kuwa baadhi ya GL-5 hula shaba ya ndani. Safisha pia vipumulio vidogo juu ya ekseli. Nyigu hujenga humo, hewa ya moto ikakosa njia, na mafuta yakapenya sili hadi kwenye breki.

Hatua ya 7: Breki

Badilisha silinda zote za magurudumu, ile kuu na paipu za mpira. Silinda iliyolala ina vidimbwi vya kutu ambavyo sandpepa haiviondoi, na sili mpya hukatika humo ndani ya wiki chache. Toa hewa ukianza na gurudumu lililo mbali zaidi na silinda kuu. Nati za magurudumu zikazwe kati ya Nm 100 na 115.

Hatua ya 8: Injini

Kwa ile ya petroli ya lita 2.25, toa plagi 4, mimina vijiko 2 vya oili kila silinda, na usubiri siku 2. Zungusha kwa hendeli ya mbele, kidole gumba kikiwa upande mmoja na vidole vingine, maana injini ikirudi nyuma huvunja mkono. Ikizunguka, weka pointi za distributa milimita 0.35 hadi 0.40 na valvu 0.25. Mpangilio wa moto ni 1-3-4-2.

Safisha waya wa athi. Unga mweupe unaouona pale unapogusa aluminiamu ndio chanzo cha taa hafifu na stata mvivu. Zungusha kwa stata bila plagi mpaka taa ya oili izime, ndipo urudishe plagi. Petroli itoke kwenye dumu safi kwa mpira. Tangi la zamani lina gundi itakayoziba kabureta dakika ya kwanza.

Hatua ya 9: Foabai

Foabai ni pale ekseli zote mbili zinapoendeshwa na injini. Ijaribu mchangani, si kwenye lami. Gari hili halina difu ya katikati, kwa hiyo kwenye lami ekseli mbili hukazana na kitu kinavunjika. Bonyeza kirungu cha njano chini, nenda mita 50, simama. Kukitoa, kanyaga klachi, vuta wenzo mwekundu nyuma kabisa, kisha usukume mbele. Kirungu kitaruka juu chenyewe. Kikigoma, rudisha gari nyuma mita chache urudie.