Ng'ombe Wako Anakula Ekari Ngapi?

Mwishoni mwa Mei, mvua zikishakatika, nyasi za Shinyanga na Simiyu bado zimesimama na mifugo imenawiri. Huo ndio wakati wa kupiga hesabu, si Oktoba ng'ombe wameshaanza kuinuliwa kwa mkia.

Wataalamu wana kipimo wanachokiita unyayo wa kiikolojia, kilichobuniwa na William Rees na Mathis Wackernagel huko Kanada mwanzoni mwa miaka ya 1990. Kinauliza hivi: vyote unavyotumia, chakula, kuni, malisho, vinahitaji eneo kubwa kiasi gani ili viote tena? Kwa hesabu hizo, binadamu kwa jumla tunaishi kana kwamba tuna dunia 1.7 hivi. Sehemu kubwa ya mzigo huo ni hewa ya ukaa itokanayo na mafuta, gesi na makaa ya mawe, na si haki kumtwisha mfugaji wa Kishapu lawama hiyo. Lakini kipimo chenyewe kinamfaa sana, maana malisho ya kijiji yana mpaka na yakiisha yameisha.

Fanya hivi. Tafuta mahali penye nyasi za wastani, usichague palipostawi kuliko kwingine. Pigilia vigingi vinne, kila upande mita moja, uzungushie kamba. Kata kwa mundu nyasi zote zilizomo, zianike juu ya turubai siku nne au tano mpaka zikatike ukizikunja, kisha uzipime kwenye mizani ya dukani. Rudia sehemu tano au zaidi upate wastani.

Tuseme umepata gramu 200. Ekari ina mita za mraba kama 4,000, kwa hiyo una kilo 800 za nyasi kavu. Usizihesabu zote! Nusu ni ya ardhi: ndiyo inayofunika udongo na kuifanya mvua ya Novemba izame badala ya kukimbilia korongoni. Zako ni kilo 400. Ng'ombe wa asili mwenye uzito wa kilo 250 anakula kilo 6 hivi kwa siku. Kiangazi cha siku 150 atamaliza kilo 900. Yaani ng'ombe mmoja, ekari mbili na robo. Mwenye ng'ombe 20 anahitaji ekari 45, na mabua ya mahindi na mtama yatampunguzia kidogo.

Hesabu hii inauma, najua. Ng'ombe ni mahari, ni ada ya shule, ni heshima ya mji. Ila wazee wa Kisukuma waliijua bila mizani, ndiyo maana wakawa na ngitili: eneo linalofungwa mvua zinapoanza na kufunguliwa kiangazi kikishakaza. Ufyekaji wa misitu kwa ajili ya kuua mbung'o, mashamba ya pamba na watu kuhamishiwa vijiji vya ujamaa vikazivuruga. Mradi wa Hifadhi Ardhi Shinyanga, HASHI, ulipoanza mwaka 1986, ngitili zilizojulikana zilikuwa hekta 600 tu. Miaka ya 2000 zilizidi hekta 300,000. Kazi kubwa ilifanywa na wenye ardhi wenyewe, wakilinda kwa sheria za dagashida, yaani mkutano wa jadi wa Wasukuma, na sungusungu, walinzi wa jadi wa vijiji.

Ukianzisha yako, usifungue yote kwa mpigo. Igawe vipande vitatu au vinne, kimoja kiliwe hadi nusu ndipo uhamie kingine. Miti usihangaike kuinunua: visiki vya migunga vilivyo hai vinachipua vyenyewe. Kila kisiki bakiza machipukizi mawili au matatu yaliyonyooka, mengine pogoa. Matawi hayo ndiyo kuni zako, na ukiwa na jiko banifu yatakaa jikoni muda mrefu zaidi.

Samadi nayo irudi shambani. Kila gunia la mahindi linalokwenda mnadani limebeba rutuba ya udongo wako.

Hesabu ikionyesha ng'ombe wamezidi, uza waliozidi mwezi Juni wangali na nyama. Anza na madume yasiyohitajika na majike waliokoma kuzaa, ubakize mitamba. Fedha hiyo itengeneze uzio wa miti hai kuzunguka ngitili, na ikibaki nunua mashudu ya pamba kwa ajili ya wanaonyonyesha. Mei ijayo chukua tena kamba na mundu, pima karibu na pale pale.