Namna ya Kupanga Matawi ya Wakati katika Hadithi ya Kisayansi

Chagua kwanza tukio moja litakalokuwa njia panda. Kwa mwandishi wa Malindi, Aprili 1498 yatosha, Vasco da Gama alipotia nanga na kupewa rubani wa kumvusha hadi Calicut, India. Msafiri wako akimzuia rubani huyo asipande merikebu, usiifute historia tuijuayo, bali anzisha ya pili kando yake, kama mkondo unavyogawanyika penye mikoko. Mwanafizikia Hugh Everett alitoa wazo linalokaribiana na hili mwaka 1957, ingawa nadharia yake haimruhusu mtu kuvuka kutoka tawi hadi tawi (hapo ndipo sisi watunzi tunapojipa ruhusa). Kisha amua msafiri atarudi tawi lipi: akirudi katika lile jipya, ile nguzo ya msalaba ya Vasco da Gama haipo mwambani pale Malindi, na wavuvi wanamwuliza anatafuta nini.