Kukadiria muda wa ndege kwa kilomita

Ukitoka Tanga kumpokea mtu uwanja wa ndege Dar, basi tu linakula nusu siku, kwa hiyo jua mapema ndege itakaa hewani muda gani. Chukua umbali wa angani (si wa barabara), gawanya kwa 800, ongeza nusu saa ya kupaa na kutua. Dubai hadi Dar ni kama kilomita 4,000: saa tano na nusu. Ndege kubwa hukata karibu kilomita 900 kwa saa, ila njia haiwi mstari mnyoofu, ndiyo maana tunagawanya kwa 800. Mgeni akibadilisha ndege njiani, hesabu hii haifai kabisa. Upepo nao: London kwenda New York huchukua karibu saa nzima zaidi kuliko kurudi, maana juu unavuma kutoka magharibi.