Tinti ya vioo na taa: kupima, kuchagua na kubandua bila kujinyima mwanga wa usiku

Jua la Dodoma ndilo linalouza tinti. Gari likikaa juani Mtumba au nje ya soko la Majengo kuanzia saa nne asubuhi hadi saa nane mchana, usukani haushikiki, na karatasi nyeusi ya fundi inaonekana kuwa ndiyo dawa. Lakini weusi wa kioo na ubaridi wa gari ni vitu viwili tofauti. Anayenunua weusi akidhani ananunua ubaridi anaweza kubaki na joto lake mchana, na usiku akawa amejipunguzia macho. Upande wa taa hakuna cha kujadili: taa haibandikwi karatasi wala haipuliziwi rangi, ya mbele wala ya nyuma.

Hesabu ya kioo kabla ya kutoa hela

Karatasi ya tinti hutajwa kwa asilimia ya mwanga inaoupitisha. Namba ikiwa ndogo, kioo ni cheusi zaidi: 70 ni nyepesi, 35 ni nyeusi kiasi, 5 ni giza. Baadhi ya mafundi hugeuza, wakataja kiasi kinachozuiwa, kwa hiyo usiulize "ni asilimia ngapi?" ukaishia hapo. Uliza: mwanga unaopita ni asilimia ngapi?

Kioo chenyewe, hata kisichobandikwa kitu, hakipitishi mwanga wote. Vioo vya milango ya mbele hupitisha kama asilimia 75 hadi 80. Ukibandika karatasi, namba hizo huzidishana. Kioo cha 78 na karatasi ya 35 hukupa 0.78 × 0.35, yaani asilimia 27 tu. Ndiyo maana sampuli iliyoonekana nzuri mkononi dukani hugeuka nyeusi kuliko ulivyotarajia ikishafika mlangoni.

Gari nyingi tunazoendesha, Noah, Harrier, Alphard na jamaa zao, zimetoka Japani na vioo vya nyuma vyeusi tangu kiwandani. Weusi ule umo ndani ya kioo, hauwezi kubanduliwa. Kioo cha namna hiyo kikiwa cha 25, ukaongeza karatasi ya 20, unabaki na asilimia 5. Hapo ukirudisha gari nyuma usiku, mtoto aliyesimama nyuma ya bampa humwoni kabisa.

Japani hukohuko, vioo vya mbele na vya milango ya mbele vinatakiwa kupitisha angalau asilimia 70. Ni kipimo kizuri cha kujiwekea hata kama hakuna aliyekusimamisha. Fanya hesabu: juu ya kioo cha 78, karatasi inayokubalika ni ya 90, ambayo kwa macho ni kama haipo. Tutaona baadaye kwamba karatasi hiyo inaweza kuzuia joto vizuri tu.

Ukitaka kujua gari lako limefika wapi, simu inatosha kwa makadirio. Pakua programu ya kupima mwanga kwa luksi. Egesha gari kivulini mahali penye mwanga usiobadilika, chini ya mti mkubwa au pembeni ya jengo, kwa sababu jua la moja kwa moja huizidi nguvu sensa ya simu. Kaa ndani, teremsha kioo, elekeza uso wa simu nje karibu kabisa na nafasi ya kioo (sensa huwa juu, jirani na kamera ya mbele) na uandike namba. Pandisha kioo, usisogeze simu, andika namba ya pili. Gawanya ya pili kwa ya kwanza. Ukianza na 4,000 ukapata 1,100, kioo kinapitisha asilimia 27 au 28. Rudia mara tatu, maana wingu likipita namba huyumba. Futa vumbi kwanza. Kwa barabara zetu, vumbi peke yake ni tinti.

Giza linavyokula mita

Kwa mwendo wa kilomita 80 kwa saa gari linakwenda mita 22 kila sekunde. Dereva aliye macho huchukua kama sekunde moja na nusu kuona, kuamua na kukanyaga breki: mita 33 zimeisha. Kwenye lami kavu na tairi nzima, breki nazo zinahitaji kama mita 35. Jumla ni karibu mita 68. Taa za halojeni (zenye balbu za kawaida za waya) zikiwa kwenye dimu humwonyesha mtu aliyevaa nguo nyeusi kwenye mita 40 hadi 60 hivi, tena kupitia kioo safi. Kwa maneno mengine, hata gari lisilo na tinti halina akiba ya mwanga. Karatasi kwenye kioo cha mbele inakata kutoka kwenye kitu ambacho tayari hakitoshi.

Na kinachopotea kwanza si taa za gari linalokuja. Hizo utaziona hata kupitia karatasi ya 20, na ndizo zinazomdanganya dereva akasema "mbona naona vizuri". Kinachopotea ni kitu cheusi juu ya lami nyeusi: baiskeli isiyo na taa ukitoka Bahi, mkokoteni wa punda njia ya Kondoa, ng'ombe waliokatiza kuelekea Mtera, lori lililoharibika na kuwekewa matawi barabarani badala ya pembetatu. Dereva mwenye umri mkubwa yuko katika hatari zaidi. Mboni ya jicho hushindwa kupanuka kama zamani, na mtu wa miaka 60 hupokea ndani ya jicho takribani theluthi moja ya mwanga anaopokea kijana wa 20.

Vioo vya milango ya mbele watu huvidharau kwa kuwa hawavitazami moja kwa moja. Lakini saitimira zote mbili unazitazama kupitia vioo hivyo. Bodaboda anayekupita kushoto pale Nkuhungu saa mbili usiku anaonekana, au haonekani, kupitia karatasi hiyo. Naye, pamoja na anayesubiri kuvuka kwenye zebra, huangalia uso wako ili ajue kama umemwona. Kioo cheusi kinamnyima jibu hilo.

Jambo jingine ni la kujiokoa. Kioo cha mlango kikipasuka huvunjika chembechembe na kumwagika. Chenye karatasi hubaki kimeshikana kama zulia. Masika makorongo ya huku hujaa ghafla na gari husombwa. Ukiwa na vioo vilivyobandikwa, weka nyundo ya kuvunjia kioo mahali mkono unapofika ukiwa umefunga mkanda, si kwenye buti. Piga kona ya chini ya kioo cha mlango, kisha sukuma kwa mguu hadi karatasi iachie. Usipoteze nguvu kwenye kioo cha mbele, kile kina tabaka la plastiki katikati na hakitoki kwa nyundo hiyo.

Taa za nyuma na za mbele

Karatasi ya moshi ya 50 kwenye taa ya nyuma inakata nusu ya mwanga wa balbu. Riflekta iliyo ndani ya taa hiyohiyo inaumia zaidi: mwanga wa gari la nyuma unapita kwenye karatasi ukiingia, unapita tena ukitoka, kwa hiyo inabaki robo. Gari lililozimika njiani bila betri linategemea riflekta peke yake ili lori lililo nyuma lisilivae.

Mchana hatari huhamia kwenye breki. Balbu ya kawaida ya nyuma ina nyaya mbili ndani, wati 5 za kuonyesha gari na wati 21 za breki. Jioni ukielekea Kibaigwa, jua liko nyuma yako na linapiga moja kwa moja kwenye taa za gari lililo mbele. Asubuhi hali ni hiyohiyo ukielekea Manyoni. Hata lenzi safi hufifia katika jua hilo. Lenzi iliyopakwa moshi haionyeshi kabisa kwamba breki imekanyagwa, na indiketa ndiyo usiseme.

Mbele, balbu ya H4 ya wati 55 hutoa mwanga wa kama lumeni 1,000 kwenye dimu. Ikibandikwa karatasi ya 50, zinabaki 500. Mwenye gari huona giza, akanunua balbu ya wati 100. Kwa volti 12, wati 55 zinavuta kama ampea 4.6, wati 100 zinavuta 8.3. Soketi huanza kugeuka kahawia, kisha inayeyuka, na joto lililonaswa na karatasi linapasua lenzi kwa nyufa ndogondogo ambazo hakuna msasa utakaoziondoa. Wengine hukimbilia balbu za LED kwenye taa iliyoundwa kwa halojeni. Mwanga hausimami mahali ulipopangiwa, unatawanyika juu na kuwapofusha wanaokuja.

Joto litatuliwe kama joto

Karibu nusu ya nishati ya jua inayotufikia ni mionzi ya infraredi, isiyoonekana kwa macho. Karatasi nyeusi ya bei nafuu ni rangi tu: inazuia unachokiona, inanyonya joto, halafu kioo chenyewe kinageuka jiko linalokupulizia ubavuni. Kwa jua la huku haichukui muda mrefu kugeuka zambarau na kuvimba mapovu. Karatasi ya keramiki (yenye chembe za kauri) inaweza kupitisha asilimia 70, hata 90, ya mwanga na bado ikazuia sehemu kubwa ya infraredi. Dukani uliza namba mbili, mwanga unaopita na jumla ya nishati ya jua inayozuiwa. Muuzaji asiyeijua ya pili anakuuzia weusi. Karatasi yenye chuma epuka, inavuruga mtandao wa simu na ramani.

Ubandikaji wenyewe ufanyike ndani ya chumba, sakafu imemwagiwa maji kuzuia vumbi. Mapovu ya maji hukauka yenyewe kwa siku kadhaa. Chembe ya vumbi iliyonaswa haiondoki. Usiteremshe vioo siku 3 hadi 5.

Kabla ya yote hayo, safisha kondensa ya kiyoyozi (ile kama rejeta iliyo mbele ya gari) kwa maji ya msukumo mdogo, kwani vumbi letu huiziba, na badilisha chujio la hewa ya ndani. Weka kizuizi cha jua cha kukunja kwenye kioo cha mbele ukiegesha. Ukiondoka, teremsha vioo vyote dakika moja au mbili ndipo uwashe kiyoyozi.

Kubandua

Vioo: fanya kazi saa sita mchana, jua likusaidie. Lowesha kioo kwa nje maji yenye matone machache ya sabuni ya vyombo, bandika nailoni nyeusi juu yake, uache kama saa moja. Au tumia draya ya saluni hadi kioo kiwe cha moto kiasi cha mkono kuvumilia. Kisha, ukiwa ndani, inua kona ya karatasi kwa ukucha na uvute polepole, karatasi ikiwa imelala karibu na kioo. Ukivuta kwa hasira gundi inabaki. Gundi iliyobaki ilainishe kwa maji ya sabuni, uikwangue kwa kipande cha plastiki, umalizie na spiriti. Kioo cha nyuma chenye mistari ya kuondoa ukungu usikiguse kwa wembe. Vuta kwa kufuata mistari, kulia au kushoto, si kuikata.

Taa zenye karatasi: draya kwa umbali wa sentimita 15 hadi 20, dakika 2 au 3, kisha vuta. Petroli, thina na asetoni vikae mbali. Lenzi ni plastiki, na vimiminika hivyo vinaipasua nyufa ambazo huenda usizione siku hiyo.

Taa zilizopuliziwa rangi zinahitaji msasa wa maji. Funika bodi kwa maskintepu tabaka mbili. Taa za mbele anza na namba 800, halafu 1000, 1500, 2000 na 3000. Za nyuma anza na 1000. Kila namba ibadilishe mwelekeo wa mkono, na usipande namba nyingine hadi mikwaruzo ya iliyotangulia iishe, la sivyo itaonekana mwishoni na utaanza upya. Maji yawe yanatiririka muda wote. Malizia na kompaundi na kitambaa laini. Msasa unaondoa pia utando wa kiwandani unaokinga mionzi ya jua, kwa hiyo lazima upake vanishi inayozuia mionzi hiyo. Usipopaka, jua litaigeuza lenzi kuwa njano ndani ya miezi michache.

Mwisho, pima mwelekeo wa taa. Egesha mahali tambarare mita 5 kutoka ukutani, tairi zikiwa na upepo sahihi. Pima urefu wa kitovu cha taa kutoka ardhini, weka alama hiyo ukutani, kisha alama nyingine sentimita 5 chini yake. Ukiwasha dimu, mstari wa juu wa mwanga ukae kwenye alama ya chini, na upande unaopanda uwe wa kushoto. Ukiwa juu zaidi, geuza skrubu iliyo nyuma ya taa robo mzunguko kila mara na kutazama tena. Mwanga ukipanda kulia, taa zimetengenezwa kwa nchi zinazoendesha upande wa kulia, na skrubu haitazirekebisha: tafuta taa za kwetu.