Namna ya Kula Tende Kila Siku bila Kuzidisha Sukari

Anayetaka kula tende kila siku aanze kwa kuzihesabu, kwa sababu tunda hili ni dogo mkononi lakini limejaa sukari. Tende moja kubwa ya aina ya Medjool, yenye uzito wa gramu 24 hivi, ina kilokalori zipatazo 66 na gramu 16 za sukari, yaani karibu vijiko vinne vya chai. Kwa mtu mzima asiye na maradhi, tende mbili au tatu za ukubwa huo zinatosha kwa siku, na zilizo ndogo anaweza kufikisha tano. Muhimu zaidi, ziliwe badala ya sukari nyingine: anayekula tende kwa chai iliyokwisha kutiwa sukari ameongeza tu mzigo, hata kama anajihesabu kuwa amekula tunda.

Faida iliyo wazi zaidi huonekana tumboni. Gramu 100 za tende zina gramu saba au nane za nyuzinyuzi, ambazo hukipa choo ujazo na kukilainisha, mradi mlaji anywe maji ya kutosha. Ambaye hajazizoea aanze na moja kwa siku, kwani kuzila nyingi kwa ghafla huleta gesi na tumbo kujaa. Tende pia zina potasiamu nyingi, madini yanayosaidia mwili kutoa chumvi iliyozidi na hivyo kusaidia kudhibiti shinikizo la damu.

Sifa ya kuongeza damu, kwa maoni yangu, imetiwa chumvi. Gramu 100, ambazo ni kama Medjool nne, zina takriban miligramu moja tu ya madini ya chuma, ilhali mwanamke aliye katika umri wa kuzaa anaweza kuhitaji hadi miligramu 18 kwa siku. Mwenye upungufu wa damu akapimwe na kutibiwa, asizitegemee tende.

Kabla ya kula, pasua kila tende kwa urefu, toa kokwa na ukague ndani, maana wadudu na ukungu mweusi hujificha hapo bila kuonekana kwenye ganda; yenye harufu ya kuchacha itupwe. Mtoto mdogo akatiwe vipande vidogo ili asipaliwe. Ukimaliza, sukutua kwa maji, kwani nyama yake hunata kwenye meno.

Mwenye kisukari hakatazwi moja kwa moja, ila ale moja pamoja na karanga au mtindi usio na sukari, kisha apime sukari ya damu baada ya saa mbili aone mwili wake umeipokeaje. Mgonjwa wa figo amwulize daktari wake kwanza, kwa kuwa potasiamu ileile inayomfaa mwenye shinikizo la damu huweza kulimbikizana katika damu yake na kuvuruga mapigo ya moyo.