Kumuuguza nyumbani aliyepasuliwa uvimbe wa neva ya sikio

Uvimbe huu si saratani. Humea kwenye neva ya nane ya kichwa, ile ya usikivu na mizani ya mwili, nao umepakana na neva ya saba inayoendesha misuli ya uso. Ndiyo maana mgonjwa hurudi nyumbani sikio moja halisikii, miguu inapepesuka, na pengine jicho halifumbi. Jamaa kwa huruma humlaza kutwa chini ya pangaboi. Hilo ni kosa. Kichwa ndicho cha kulindwa. Miguu inataka kazi.

Kulinda kiraka

Daktari huziba njia aliyopitia kwa kiraka, mara nyingi cha mafuta yaliyotolewa tumboni (ndiyo sababu ya kile kidonda cha pili). Mfupa wa nyuma ya sikio una vijitundu vya hewa, na sikio lina mrija unaotokea nyuma ya pua. Kiraka kikilegea, maji yanayozunguka ubongo hupita humo yakachuruzika puani au kooni.

Kinachokilegeza ni msukumo wa maji hayo ukipanda kichwani. Kwa wiki 4 hadi 6, au zaidi daktari akisema, asinyanyue kitu cha zaidi ya kilo 4 au 5. Mtungi wa maji wa lita 20 ni kilo 20, na hata nusu yake ni nzito mno. Kukuna nazi kwenye mbuzi, kupiga deki na kufua kwenye karai wafanye wengine. Anayeswali aketi kitini, ainame kidogo tu. Chafya aipige mdomo wazi. Kamasi aifute, asipenge. Alale kichwa kimeinuliwa kwa mito inayoanzia mgongoni, maana ukiinua shingo peke yake itakaza na kuuma.

Choo kigumu ni adui anayesahaulika. Dawa za maumivu zenye kodeini hufunga choo, na kujikamua hupandisha msukumo kichwani. Ombeni dawa ya kulainisha choo tangu siku ya kwanza, na papai, mboga na maji visikosekane. Panadol za miligramu 500 zisizidi 8 kwa saa 24. Brufen na aspirini asimeze bila ruhusa ya daktari mpasuaji, kwa ajili ya kuvuja damu. Akipewa dawa za steroidi (za kushusha uvimbe wa baada ya upasuaji), azipunguze kwa ratiba aliyoandikiwa, asizikatize ghafla.

Kidonda kikae kikavu hadi nyuzi zitolewe. Kwa joto letu la Pwani, futeni jasho pembeni kwa kitambaa safi. Mtandio au kofia iwe ya pamba na isibane. Msipake liwa, mafuta ya nazi wala dawa ya miti shamba.

Nendeni hospitali saa hiyo hiyo

Maji maangavu yakidondoka puani au kidondani, hasa akiinama, au akihisi ladha ya chumvi kooni. Uvimbe laini kama mfuko wa maji nyuma ya sikio. Homa, shingo kukakamaa, kichwa kuuma vikali, kuchukia mwanga au kuchanganyikiwa: hizo ni dalili za homa ya uti wa mgongo, na haingoji asubuhi. Vilevile shavu la mguu likivimba na kuuma, au kifua kubana. Uso ukianza kulegea siku kadhaa baada ya upasuaji, mpigieni daktari siku hiyo hiyo.

Jicho lisilofumba

Hapa ndipo tunapowasihi sana. Jicho likikauka, kioo chake huchubuka na uoni ukapotea, na wengine hata maumivu hawayasikii kwa kuwa neva ya hisia nayo imeguswa. Matone ya machozi bandia kila saa 1 au 2 akiwa macho. Usiku marhamu ya macho, kisha kope ifungwe kwa plasta ya karatasi. Msiweke pamba juu ya jicho lililo wazi, italikwaruza. Pangaboi lisimpulize usoni, na upepo wa bahari aukinge kwa miwani inayofunika pembeni. Kila asubuhi litazameni. Likiwa jekundu au uoni una ukungu, aonwe siku hiyo.

Kufundisha mizani upya

Mwili husimama kwa msaada wa macho, nyayo na masikio yote mawili. Sikio moja limetoka kazini, na ubongo haujifunzi kulifidia mpaka uchokozwe kwa mazoezi. Dawa za kizunguzungu ni za siku za mwanzo tu, kwani zikiendelea huchelewesha ubongo.

Daktari akiruhusu, bandikeni herufi ukutani usawa wa macho. Aketi umbali wa mita 1, aitazame huku akigeuza kichwa kushoto na kulia kwa dakika 1, mara 3 kwa siku. Herufi ikianza kucheza, apunguze kasi. Baadaye afanye akiwa amesimama. Kizunguzungu kidogo kinachotulia baada ya dakika chache ndicho tunachokitafuta, akitapika, amezidisha.

Atembee dakika 5 ndani, kisha barazani, kisha asubuhi kwenye njia iliyosakafiwa ya bustani ya Mama Ngina, hapa Mombasa. Mchanga wa ufuo usubiri, kwa kuwa humnyang'anya nyayo, na giza humnyang'anya macho. Tochi iwe kando ya kitanda, stima ikipotea asiinuke kwa kupapasa. Kuogelea kusiwepo hadi aruhusiwe, na hata hapo asiende peke yake: chini ya maji anaweza asijue juu ni wapi.

Barabarani

Bodaboda hapana, tuktuk yenye dereva mpole inatosha. Mwenye sikio moja husikia honi asijue imetoka wapi, kwa hiyo Digo Road avuke kwa kugeuza kichwa na kutazama. Wageni wakae upande wa sikio zima. Kwenye feri ya Likoni angoje umati utangulie, ashike ukingo kwa mkono mmoja, na mwenzake asimame upande usiosikia.